Santuri Kuukuu ni Shahidi

Watu wengi hudhani kwamba historia hukaa katika vitabu na makaratasi peke yake. Lakini, msomaji, sauti nayo ni hati. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay, wakaimba taarabu kwa Kiswahili mbele ya mitambo ya kampuni ya Gramophone. Siti alifariki mwaka wa 1950, lakini sauti yake yasikika hata leo, kwa kuwa ilichorwa katika mifuo ya santuri.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Nairobi nayo ikawa mji wa kurekodi nyimbo. Yamkini santuri za zamani zimo katika nyumba yenu hapo Kilimani, nyuma ya kabati la babu. Zile za kwanza zilifanywa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi uliochanganywa na unga wa mawe; zikianguka huvunjika kama kigae. Za baadaye ni za plastiki. Hizi hazivunjiki upesi, lakini kila sindano ipitapo huula mfuo kidogo. Basi yafaa kuinakili sauti mapema.

Kazi hiyo yaweza kufanywa nyumbani. Kwanza ondoa vumbi. Kisha tazama mwendo: mizunguko 78, 45, au 33 na theluthi kwa dakika. Santuri ya 78 yataka sindano yake, yenye ncha pana zaidi. Sauti hupita katika waya mpaka kwenye kompyuta, na programu kama Audacity, isiyolipiwa, hulipima wimbi la sauti mara 44,100 au zaidi kila sekunde, ikaviandika vipimo hivyo kwa tarakimu.

Programu hiyo yaweza pia kuondoa mikwaruzo. Hapo jihadhari! Pengine mlio wa kayamba huondolewa pamoja na mkwaruzo. Iweke nakala ya kwanza kama ilivyo, nawe usafishe ya pili. Mwanahistoria hafuti maneno ya hati aisomayo.

Tena andika yote yaliyo katika kibandiko: mwimbaji, kampuni, na nambari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo kibandiko si hukumu ya mwisho. Wimbo wa "Malaika", aliourekodi Fadhili William mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, umedaiwa na watunzi zaidi ya mmoja. Shahidi husikilizwa, kisha huulizwa maswali.

Kwa hiyo mpigie babu yako santuri hiyo, umwulize ni nani aliyepiga gitaa. Mara nyingi jina lake halimo katika kibandiko. Na wazee wakiisha kuondoka nalo, hapana programu itakayolirudisha.