Kanda za VHS Kabatini na Historia ya Kahama

Wadau, leo tuzungumzie kitu ambacho wengi tunacho nyumbani na hatukijali: zile kanda za video za VHS zilizolala juu ya kabati au uvunguni mwa kitanda. Harusi ya shangazi, kipaimara, msiba wa babu. Mimi nasema zile ni nyaraka za historia, na kwa sisi watu wa Shinyanga na Geita zina uzito wa pekee. Ngojeni nieleze.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Serikali ya Mwalimu iliona hiyo ni anasa kwa nchi yenye njaa ya maji na zahanati. Lakini deki za video zilikuwa zimeshapenya, kwa hiyo kuna nyumba zilizonunua seti ya televisheni kwa ajili ya kuangalia kanda tu. Kisha, mwaka 1990, Benki Kuu ikaanza kununua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo. Pesa zikaonekana Kahama na Geita, na penye pesa harusi haikosi mpiga video.

Mnaona maana yake? Mwaka 1993 hakukuwa na kituo chochote cha televisheni Bara cha kutuma mwandishi machimboni. Mwenye kamera alikuwa yule bwana wa harusi. Picha zetu za kwanza zinazotembea, tulizojipiga wenyewe, ni za keki, matarumbeta na wajomba wanaocheza vibaya!

Lakini angalia nyuma ya bibi harusi. Kwa wiki kadhaa sasa nahamisha kanda za ukoo wetu kwenda kwenye kompyuta. Katika mkanda mmoja wa mwaka 1995, mpiga video amechoka kusubiri maharusi, akazungusha kamera mtaani. Baiskeli zenye magunia ya mchele, vibanda vya bati, vijana waliovaa matope ya duarani, na kwa mbali mlio wa karasha unaosaga mawe. Dakika nne hivi. Mama mkubwa alipoketi kuangalia nami, maharusi hakuwajali kabisa. "Ule mti ndipo tulipokuwa tunateka maji," akasema, kisha akaanza kutaja majirani mmoja mmoja.

Nyuma ya maharusi ndipo penye habari, kwa sababu ukanda huu umebadilika sana. Mgodi wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000 baada ya ule wa kikoloni kufungwa mwaka 1966. Bulyanhulu ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Buzwagi, pale jirani na Kahama mjini, ukaanza mwaka 2009 na ukaacha kuzalisha mwaka 2021: mgodi mzima umezaliwa na kufa kabla watoto waliozaliwa ukianza hawajamaliza sekondari. Palipokuwa na shamba pana shimo, palipokuwa na njia pana uzio.

Na hapa ndipo lazima tuitaje Bulyanhulu ya 1996. Wengine mlikuwa watoto. Agosti mwaka ule maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa pale, wilaya ya Kahama, kuipisha kampuni ya Kahama Mining iliyokuwa mali ya Sutton Resources ya Canada. Yakatokea madai kwamba zaidi ya wachimbaji 50 walifukiwa wakiwa hai maduara yalipozibwa. Serikali na kampuni wakakanusha. Barrick ikainunua Sutton mwaka 1999. Mwaka 2001 madai yakaibuka upya kwa nguvu, yakisukumwa na LEAT, timu ya wanasheria watetezi wa mazingira, na katikati ya ubishi ukawepo ushahidi wa video. Waliouleta walisema unaonyesha miili ikitolewa ardhini. Novemba 2001 polisi wakapekua ofisi za LEAT na nyumba ya Tundu Lissu. Mwaka 2002 Lissu na Rugemeleza Nshala wakashitakiwa kwa uchochezi. Oktoba 2002, CAO, ofisi ya Kundi la Benki ya Dunia inayopokea malalamiko ya wananchi kuhusu miradi ya sekta binafsi, ikasema haikupata ushahidi wa kuunga mkono madai ya kufukiwa watu. LEAT wakaikataa ripoti hiyo.

Simwamulii mtu hapa. Ninachotaka tukione ni kwamba mkanda wa video unaweza kutikisa nchi, na bado ukabaki na maswali matatu: umepigwa wapi, lini, na nani? Ukikosa majibu, kila upande utausoma kwa macho yake.

Kanda zetu za nyumbani mara nyingi zina majibu hayo. Tarehe ya harusi inajulikana, kanisa linajulikana, wageni wengi bado wako hai. Mkanda wa ubatizo uliopigwa Kakola kabla ya Agosti 1996 hautamaliza ubishi wa waliokufa. Lakini unaweza kuonyesha kwamba pale palikuwa na watu wenye nyumba, maduka, kanisa na watoto. Watu wakishaitwa "wavamizi" kwenye makaratasi, picha ya sebule yao ni jambo kubwa.

Tatizo ni kwamba kanda zinakufa. Mkanda wa VHS ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku kwa gundi. Unyevu na joto huiharibu gundi, kuvu huota, vumbi hukwaruza. Deki nazo zimekwisha: VHS ilianzishwa na JVC ya Japani mwaka 1976, na kampuni ya Funai, ya mwisho kutengeneza deki hizo duniani, iliacha Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa tahadhari kwamba kufikia mwaka 2025 kuhamisha kanda za sumaku kungekuwa kugumu mno. Mwaka huo umeshapita, jamani.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka subira. Tafuta deki nzima, safisha vichwa vyake kwa spiriti, unganisha nyaya (njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti) kwenye kifaa kidogo kinachoingia tundu la USB. Mkanda wa saa tatu utachukua saa tatu, hakuna njia ya mkato. Wenye kuvu usiutie kwenye deki kabla ya kusafishwa, utaambukiza na nyingine. Rekodi mara ya kwanza unapoucheza, maana huenda ikawa ndiyo ya mwisho. Weka nakala mbili, sehemu mbili tofauti.

Halafu fanya lile ambalo kompyuta haiwezi. Mketishe mama, baba, shangazi, mwangalie pamoja, uandike: huyu ni nani, hapa ni wapi, mwaka gani, nani alishika kamera. Faili lisilo na majina ni picha ya watu wasiojulikana. Deki ya kuazima inaweza kupatikana mwakani. Anayekumbuka ule mti ulikuwa wapi anaweza asiwepo.