Asiyekubali Kushindwa

Wahenga walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Wengi wetu tumeisikia methali hii tangu utotoni, tukaiandika katika insha, kisha tukaisahau. Na tuitazame leo katika habari za mchezaji mmoja wa kandanda, na katika mitaa miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware, ambayo yajua gharama ya kuidharau.

McDonald Mariga alizaliwa mwaka 1987, akalelewa Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards; na mdogo wake, Victor, baadaye alikuwa nahodha wa timu ya taifa. Mariga alicheza katikati ya uwanja, mahali pamtakapo mtu aone mbele na nyuma, maana mchezo wote hupitia kwake. Aliondoka Kenya angali kijana, akacheza Uswidi, na mwaka 2007 akafika Parma, nchini Italia. Mapema mwaka 2010 alijiunga na Inter ya Milan, klabu iliyotwaa mwaka huo ubingwa wa Italia, Kombe la Italia na Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Usiku wa fainali mjini Madrid, tarehe 22 Mei, Mariga alikaa pamoja na wachezaji wa akiba wala hakuingia uwanjani. Lakini hakuna Mkenya aliyekuwa amefika hapo kabla yake.

Mwezi Julai 2019 alifariki Ken Okoth, mbunge wa Kibra, jimbo lenye mtaa wa Kibera. Mariga akajitokeza kuwania kiti hicho kwa tiketi ya chama cha Jubilee. Mpinzani wake mkuu alikuwa Imran Okoth wa ODM, ndugu wa marehemu.

Wenyeji walikuwa na sababu ya kuhofu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliuawa Kibera, nyumba zikateketezwa, na reli ipitayo mtaani ikang'olewa. Mwezi Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, damu ilimwagika Kawangware. Sababu zilikuwa nyingi: ukabila, umaskini, na mashaka juu ya hesabu za kura. Lakini matokeo yalikuwa yale yale: majirani walioazimana chumvi jana waliogopana leo.

Kura zilipigwa tarehe 7 Novemba 2019. Siku hiyo haikupita kwa utulivu mtupu, kwani baadhi ya wanasiasa walishambuliwa mitaani. Imran Okoth alipata kura 24,636, naye Mariga 11,230. Basi usiku ule Mariga akafanya jambo dogo: alichukua simu, akampigia mshindi, akampongeza, akasema yu tayari kushirikiana naye.

Wako watakaosema kwamba hilo lilikuwa rahisi, kwa kuwa alishindwa kwa kura nyingi. Neno hilo lina ukweli. Lakini wapo walioshindwa kwa kura nyingi zaidi wasikubali. Wengine watasema kwamba umaarufu wake haukumfaa kitu. Hilo nalo ni kweli, na ni sifa kwa wapiga kura, ambao hawakumpa mtu ubunge kwa sababu tu ya vikombe alivyoleta kutoka Ulaya. Kila mmoja alitimiza wajibu wake: mwananchi alichagua, na mshindani akakubali.

Mchezaji hufunzwa mapema kwamba kipenga cha mwisho kikilia, hushikana mkono na aliyemshinda, maana kesho watakutana tena. Mariga hakuishia hapo: Desemba 2024 alichaguliwa makamu wa rais wa Shirikisho la Kandanda la Kenya. Na asubuhi iliyofuata ule uchaguzi wa Kibra, kushindwa kwake hakukuwa tena sababu ya mtu yeyote kumwogopa jirani yake. Hilo, katika mtaa uliokwisha kuona mwaka 2007, si jambo dogo.