Kamera, Kitako na Latitudo: Historia ya Vifaa vya Kupigia Picha Anga ya Mbali na Mafunzo Yake kwa Wanaoanza katika Ukanda wa Shinyanga na Geita

1. Utangulizi

Historia ya picha za anga ya mbali, yaani picha za nebula, vishada vya nyota na galaksi, imezoeleka kusimuliwa kama historia ya darubini kubwa: kadiri kioo kilivyopanuka, ndivyo picha zilivyoboreka. Usimulizi huo una athari kwa anayeanza leo. Kijana wa Shinyanga au Geita anayejifunza kwa maandishi yaliyotungwa Ulaya na Marekani huamini kuwa ununuzi wake wa kwanza hauna budi kuwa darubini, tena kubwa kadiri mfuko utakavyoruhusu. Insha hii inaipinga imani hiyo kwa ushahidi wa kihistoria. Hoja zake ni mbili. Kwanza, kifaa kilichoifungua taaluma hii ni kitako, yaani chombo kinachobeba kamera au darubini na kuizungusha taratibu kufuata mwendo wa nyota. Pili, kitako hubeba ndani yake latitudo ya mahali kilikobuniwa. Kwa hiyo mafunzo ya Ulaya hayawezi kuhamishiwa katika ukanda wa dhahabu bila kupimwa upya.

2. Ushahidi wa miaka ya 1880

Mnamo Septemba 1880, Henry Draper wa Marekani alipiga picha ya kwanza ya nebula ya Orion kwa kuacha mwanga uingie kwenye bamba la kioo kwa dakika 51. Muda huo ndio uliokuwa jambo jipya. Jicho la binadamu haliwezi kukusanya mwanga kwa dakika nzima. Bamba lililopakwa chumvi za fedha liliweza, mradi chombo kisiteleze.

Kisa chenye uzito zaidi kwa mtafiti wa Afrika kilitokea Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1882. Kimondomkia kikubwa kilipoonekana, David Gill, mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha Rasi, hakuwa na kamera ya kazi hiyo. Alimwita mpiga picha wa mjini, bwana Allis, naye akaja na kamera yenye lenzi ya kawaida ya kupigia picha za watu. Kamera ilifungwa juu ya darubini iliyokuwa na kitako kinachofuata nyota. Picha kadhaa zilipigwa, nyingine kwa zaidi ya saa moja, na mabamba yakaonyesha nyota nyingi nyuma ya mkia. Kutokana na picha hizo Gill alitambua kuwa anga yote ya kusini ingeweza kuorodheshwa kwa kamera. Kwa ushirikiano na Jacobus Kapteyn wa Groningen, orodha ya nyota 454,875 ilichapishwa kati ya 1896 na 1900.

Mfano wa tatu ni wa Edward Emerson Barnard. Mwaka 1889, katika kituo cha Lick huko California, alianza kupiga picha za Njia Nyeupe kwa lenzi iliyokuwa imetumika awali katika studio ya picha za watu.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba Andrew Ainslie Common mwaka 1883 na Isaac Roberts mwaka 1888 walifanikiwa kwa vioo vikubwa, cha kwanza kikiwa na upana wa inchi 36 na cha pili inchi 20. Ni kweli, na picha ya Roberts ndiyo iliyodhihirisha umbo la Andromeda. Lakini vioo hivyo visingefaa kitu kama vitako vyake visingefuata nyota kwa usahihi. Lenzi ndogo juu ya kitako kizuri ilitoa matokeo. Darubini kubwa juu ya kitako kibovu haikutoa chochote. Huo ndio mpangilio wa umuhimu ambao usimulizi wa darubini kubwa umeuficha.

3. Vyombo vya nyota magharibi mwa Tanganyika

Wenyeji wa Afrika Mashariki hawakungoja vyombo ili kuisoma anga. Methali ya pwani inayohusisha kuzama na kuzuka kwa Kilimia na zamu ya mvua na jua ni ushahidi kwamba kishada hicho kilikuwa kalenda ya mkulima. Vyombo vya kupimia nyota vililetwa kwa shabaha nyingine. Gill huyohuyo ndiye aliyekuwa ametoa wazo la kupima tao la meridiani ya 30 kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika, kazi iliyokamilika mwaka 1954. Sehemu ya magharibi mwa Tanganyika ilipimwa na Martin Hotine kati ya 1931 na 1933. Nyota zilitazamwa ili ardhi ijulikane.

Ardhi hiyo ndiyo iliyofuatia kuchimbwa. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui. Kwa muhtasari, vifaa vya anga vilipita katika eneo hili vikiwa watumishi wa ramani, na havikuacha nyuma utamaduni wa kuvitumia kwa ajili ya anga yenyewe. Anayeanza leo hana fundi wa kumrithi. Anarithi mwongozo wa kiwandani.

4. Tatizo la latitudo

Mwongozo huo humwagiza aelekeze mhimili wa kitako kwenye Nyota ya Kaskazini. Mjini Shinyanga, takriban nyuzi 3.7 kusini mwa ikweta, nyota hiyo haichomozi kamwe. Ncha ya kusini ya anga ipo juu ya upeo, lakini kwa nyuzi 3.7 tu, Geita ni chini ya nyuzi 3. Nyota hafifu iliyo karibu na ncha hiyo, Sigma Octantis, humezwa na vumbi na moshi wa kiangazi.

Kuna tatizo la kimaumbo pia. Baadhi ya vitako vimeundwa kwa latitudo za Ulaya na haviwezi kulazwa hadi nyuzi 3. Vinavyoweza kulazwa, fimbo ya uzani wa kusawazisha hukaribia kugonga miguu ya stendi. Dawa ya muda ni kufupisha mguu wa stendi unaoelekea kusini, lakini kila nyuzi inayopatikana hivyo hupunguza uthabiti. Kwa hiyo swali la kwanza dukani linapaswa kuwa: kitako hiki kinashuka hadi nyuzi ngapi?

Dira nayo si shahidi wa kuaminika. Sehemu kubwa ya dhahabu ya Geita imo katika miamba yenye tabaka za chuma, na chuma hicho huweza kuyumbisha sindano. Njia salama zaidi ni ya kale: kusimika kijiti wima na kutia alama kwenye kivuli kinapokuwa kifupi kabisa. Juni na Julai, jua likiwa mbali upande wa kaskazini, kivuli hicho huwa kirefu cha kutosha kuonyesha mstari wa kaskazini na kusini. Usiku, marekebisho hukamilishwa kwa kutazama nyota iliyo karibu na utosi, kisha nyingine iliyo chini upande wa mashariki, na kusogeza kitako hadi nyota ziache kuteleza kuelekea kaskazini au kusini.

Latitudo hiyohiyo ina fadhila. Kiini cha Njia Nyeupe hupita juu sana katika usiku mkavu wa Juni hadi Agosti, Andromeda hufika takriban nyuzi 45 upande wa kaskazini, na Wingu Kubwa la Magellan huonekana upande wa kusini. Mtazamaji wa London hapati vyote hivyo.

5. Giza kama rasilimali

Mgodi wa kisasa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Migodi mikubwa hufanya kazi usiku kucha, na taa zake hujenga kuba la mwanga juu ya upeo. Hakuna lenzi inayoondoa mwanga huo. Kusogea mbali nao, au kuchagua mahali ambapo kilima kinaukinga, huongeza ubora wa picha kuliko fedha zinazoweza kutumika kwa lenzi mpya.

Hata hivyo, kwenda gizani kuna masharti ya kijamii. Ukanda huu ndio chimbuko la sungusungu, ulinzi wa jadi ulioanzia maeneo ya Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtu anayekesha porini akiwa na bomba refu na taa nyekundu ataulizwa, na anastahili kuulizwa. Karibu na uzio wa mgodi anaweza kudhaniwa mvamizi. Barua ya mtendaji wa kijiji, pamoja na kumwalika mlinzi achungulie, ni sehemu ya vifaa.

6. Mpangilio unaopendekezwa

Ushahidi uliotangulia unaelekeza kwenye utaratibu ufuatao. Anayeanza atumie kamera na lenzi aliyonayo, hata kuukuu, juu ya stendi imara isiyozunguka. Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na nyota za utosini hapa, zikiwa karibu na ikweta ya anga, ndizo zinazohama haraka zaidi kwenye picha. Kwa lenzi ya milimita 50, sekunde 4 au 5 kwa kila picha ni kiasi salama. Picha 300 za sekunde 4, zikiunganishwa kwa programu ya kompyuta, hukusanya mwanga wa dakika 20. Hatua ya pili ni kitako kidogo cha kubeba kamera, kinachoshuka hadi nyuzi 3. Umeme wake, ikiwa ni wa volti 12, unaweza kutoka kwenye betri ya sola au ya pikipiki. Darubini ije mwisho, baada ya kitako kuthibitishwa kuwa kinaweza kuibeba bila kutikisika.

7. Hitimisho

Insha imeonyesha kuwa Gill na Barnard walianza na lenzi za studio, na kwamba kilichowawezesha ni mwendo sahihi wa kitako pamoja na subira. Imeonyesha pia kwamba kifaa si kitu kisicho na kwao. Kitako kilichobuniwa kwa ajili ya anga ya Ulaya hufika Shinyanga kikiwa mgeni, na lugha ya mwongozo wake humfanya anayeanza ajione mwenye kosa pale kinapogoma kuinama. Kosa si lake. Mwongozo utakaomfaa hauna budi kuandikwa kwa Kiswahili, ukianzia nyuzi 3.7 kusini mwa ikweta.