Malimbikizo ya mkopo wa nyumba wakati wa talaka

Malimbikizo ya mkopo wa nyumba wakati wa talaka ni marejesho yaliyopitisha tarehe ya kulipwa, pamoja na riba yake, kwa nyumba iliyowekwa rehani benki huku wenyewe wakiwa mbioni kuachana. Nchini Kenya jambo hili limo mikononi mwa sheria mbili kuu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 huamua haki za mume na mke kati yao. Sheria ya Ardhi ya 2012 huamua benki inaweza kufanya nini mkopo usipolipwa. Kesi ya kugawana mali huweza kuchukua miaka, ilhali benki inaweza kuifikisha nyumba mnadani kwa miezi saba au minane tu. Kwa hiyo wapo wanaopoteza nyumba kabla mahakama haijasema ilikuwa ya nani.

## Jinsi deni linavyolimbikizwa

Mishahara iliyokuwa ikiendesha nyumba moja sasa inaendesha mbili. Aliyehama anatafuta kodi na deposti ya nyumba mpya, na mawakili wa pande zote wanataka malipo yao. Aliyehama husema hawezi kulipia nyumba asimolala, na aliyebaki husema mkopo una jina la mwenzake. Wakati huo agizo la benki la kukata mshahara linasitishwa, na kwa kawaida benki inaanza kutoza riba ya adhabu juu ya riba ya kawaida.

Marejesho yakichelewa zaidi ya siku 90, mkopo huwekwa katika kundi la mikopo isiyolipika, na majina ya wakopaji hupelekwa katika ofisi za taarifa za mikopo, maarufu kama CRB. Kama wote wawili walikopa, wote wawili huharibikiwa jina, hata kama mmoja alikuwa akilipa nusu yake kila mwezi bila kukosa. Hata hivyo deni halikui bila kikomo. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki, kinachotumika tangu 2007, kinasema kuwa mkopo ukishakuwa haulipiki, riba inayoweza kudaiwa tangu hapo isizidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku hiyo.

## Nani anadaiwa

Jibu hutegemea anayeuliza ni nani. Benki huangalia sahihi. Waliosaini kama wakopaji hudaiwa kwa pamoja na kila mmoja peke yake, maana yake benki inaweza kumfuata mmoja kwa deni lote. Makubaliano ya wanandoa, hata yakithibitishwa na mahakama, hayamtoi mkopaji katika mkataba. Anayeweza kumwachilia ni benki yenyewe, na ifanye hivyo kwa maandishi.

Mwenzi aliyetia sahihi ya ridhaa tu ana hali tofauti. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kinakataza kuweka rehani makazi ya ndoa bila ridhaa ya maandishi ya wote wawili, inayotolewa kwa kuelewa, na kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi kinataka ushahidi wa ridhaa hiyo ndipo rehani iwe halali. Aliyetoa ridhaa hadaiwi mfukoni mwake, lakini amekubali nyumba ishike deni. Ambaye hakuulizwa kabisa, au aliyeigiziwa sahihi, ana hoja nzito ya kupinga rehani yenyewe, na anapaswa kuipeleka mahakamani mapema, kabla ya tangazo la mnada.

Kati ya wanandoa wenyewe, kifungu cha 10 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kinasema deni lililochukuliwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa hubebwa nusu kwa nusu. Mali yenyewe haigawanywi hivyo moja kwa moja. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika uamuzi wa Januari 2023, ilisema usawa wa wanandoa uliomo katika ibara ya 45(3) ya Katiba haumpi yeyote nusu bila kuonyesha mchango wake. Mchango huo si fedha pekee: sheria inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba na kuwa mwenzi wa karibu. Muislamu anaweza kuchagua mambo ya mali ya ndoa yaamuliwe kwa sheria ya Kiislamu.

## Hatua za benki

1. Mwezi mmoja wa kutolipa. Ukipita, benki inaweza kutoa notisi chini ya kifungu cha 90 cha Sheria ya Ardhi.
2. Miezi mitatu. Huu ndio muda wa chini kabisa ambao notisi hiyo humpa mdaiwa kulipa malimbikizo.
3. Siku 40. Notisi ya kuuza chini ya kifungu cha 96. Nakala hupelekwa pia kwa mwenzi aliyetoa ridhaa.
4. Siku 45. Notisi ya dalali ya kukomboa mali, chini ya kanuni za madalali za 1997.
5. Siku 14. Muda wa chini kati ya tangazo la kwanza gazetini na siku ya mnada.

Notisi ya kwanza inastahili kusomwa neno kwa neno. Ni lazima itaje kosa ni lipi, kiasi gani kilipwe, kabla ya lini, na kitakachofuata kisipolipwa. Pia ni lazima imjulishe mdaiwa kuwa ana haki ya kuomba nafuu mahakamani. Notisi iliyokosa mambo hayo, au isiyomfikia anayestahili, inaweza kusimamisha mnada. Kwa wanaoachana hatari kubwa ni anwani: barua inakwenda kwenye sanduku la posta la aliyehama, na anayelala ndani ya nyumba na watoto huja kujua siku dalali anapobisha hodi. Aliyetoa ridhaa au aliyekopa pamoja na mwenzake aiandikie benki anwani, simu na barua pepe yake mara tu wanapotengana.

## Njia za kutoka

Kuzungumza na benki mapema. Benki inaweza kurefusha muda wa mkopo, kupunguza marejesho kwa miezi kadhaa, au kuingiza malimbikizo ndani ya mkopo. Kama wakopaji ni wawili, benki hutaka sahihi za wote. Ugomvi wa wawili hapo huwa kizuizi kikubwa kuliko ukosefu wa fedha.

Mmoja kuchukua nyumba. Anayebaki huomba mkopo mpya kwa jina lake, hulipa ule wa zamani, na mwenzake huondolewa kwenye mkataba na hatimiliki. Uhamisho wa mali kati ya waliokuwa wanandoa kama sehemu ya makubaliano ya talaka hautozwi kodi ya ongezeko la mtaji. Asiyekuwa na kipato kinachotosheleza benki asiahidi njia hii.

Kuuza kwa hiari. Chukua mfano wa nyumba yenye thamani ya shilingi 10,000,000 sokoni. Mkopo uliobaki ni 6,000,000, na marejesho ya 75,000 kwa mwezi hayajalipwa kwa miezi mitano, hivyo malimbikizo ni 375,000 na deni lote ni 6,375,000. Ikiuzwa kwa maelewano, hubaki 3,625,000 kabla ya gharama. Ikiuzwa mnadani kwa 7,500,000, hubaki 1,125,000, na kutoka humo hukatwa ada ya dalali, ya wakili wa benki na riba iliyoongezeka. Kama mgawo ni nusu kwa nusu, kila mmoja anapungukiwa zaidi ya 1,200,000 kwa sababu ya kutoelewana tu.

Kupangisha. Kama hakuna anayeweza kubaki, kodi ya mpangaji inaweza kulipa mkopo wakati kesi ikiendelea, kwa ridhaa ya benki na ya wanandoa wote wawili.

Kwa njia yoyote, mkataba mfupi wa muda unafaa: nani analipa kiasi gani, tarehe ngapi, mpaka kesi iishe. Malipo yapite benki au M-Pesa, yasitolewe mkononi, na taarifa zihifadhiwe. Anayelipa peke yake baada ya kutengana ana hoja ya kuomba malipo hayo yahesabiwe kwenye mgawo, lakini mahakama haiwezi kuhesabu isichoonyeshwa.

## Mahakama

Kifungu cha 17 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kinamruhusu mwanandoa kuomba mahakama itamke haki zake katika mali hata kabla kesi ya talaka haijafunguliwa. Mgawo wenyewe husubiri ndoa ivunjwe. Amri inayomzuia mume au mke asiuze nyumba haiizuii benki, ambayo si mhusika wa talaka hiyo. Anayetaka kusimamisha mnada hufungua shauri dhidi ya benki, na mara nyingi mahakama humtaka aweke sehemu ya deni kwanza.

## Nchini Tanzania

Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama, inapogawa mali, izingatie michango ya kila mmoja, madeni waliyochukua kwa faida yao wote na mahitaji ya watoto wadogo. Kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seifu ya 1983 ndiyo iliyothibitisha kuwa kazi za nyumbani ni mchango. Kwa kawaida wanandoa hupitia baraza la usuluhishi kwanza, na muda huo pia benki huuhesabu: notisi yake kwa mdaiwa ni siku 60.

## Baada ya mnada

Fedha za mnada zisipotosha, wakopaji huendelea kudaiwa kilichobaki. Zikizidi, salio hupewa mweka rehani, yaani yule ambaye jina lake limo kwenye hatimiliki. Mwenzi asiye na jina humo huomba amri ya mahakama salio lishikiliwe hadi mgawo uamuliwe. Aombe kabla ya nyundo ya dalali kugonga, kwa sababu fedha zikishaingia katika akaunti ya mtu mmoja, kuzidai ni kuanza kesi nyingine.