Kadi ikitupwa, anayeokota ni nani?

MCHEZO wa karata uitwao ‘kadi’ unajulikana kote nchini Kenya. Katika mitaa ya Kisumu kama vile Manyatta na Kondele, si ajabu kuwakuta vijana wameketi kivulini wakiucheza huku wakisubiri wateja. Kuujifunza si kazi ngumu. Kinachozua ugomvi, hasa panapokuwa na soda ya kushindaniwa, ni swali moja tu: adhabu iliyotupwa inamwangukia nani?

Kanuni za msingi

Aghalabu kila mchezaji hugawiwa karata nne. Kwa zamu, hutupa karata inayolingana na iliyo juu ya rundo kwa namba au kwa aina, yaani kopa, uru, pau au shupaza. Akikosa, huokota moja.

Karata za 2 na 3 humlazimisha anayefuata kuokota mbili au tatu, na jokeri humwokotesha tano. A, ambayo wachezaji wa jadi huiita ree, huzuia adhabu. J humruka mchezaji mmoja, nayo K hugeuza mwelekeo wa mchezo. Q na 8 ni maswali: aliyezitupa hana budi kuzijibu mwenyewe, la sivyo aokote. Anayekaribia kumaliza hutangaza, “Niko kadi!”

Adhabu hufuata zamu

Chanzo cha mizozo mingi ni dhana kwamba karata humlenga mtu. La hasha. Humlenga yeyote ambaye zamu inamfikia.

Tuchukulie wachezaji wanne. Wa kwanza atupa 2 ya kopa, hivyo mlengwa ni wa pili. Huyu naye atupa K ya kopa. Maadamu mwelekeo umegeuka, adhabu inamrudia wa kwanza, wala hawezi kujitetea kwamba karata ilikuwa yake.

Lau wa pili angetupa J ya kopa, wa tatu ndiye angerukwa na wa nne ndiye angeokota. Wakiwa wachezaji wawili tu, J haimwokoi mtu, kwa kuwa humruka mwenzake na kumrudia mwenyewe.

Hata hivyo, vipo vikundi visivyoruhusu J na K kujibu adhabu. Jambo hilo lafaa kuamuliwa kabla ya karata kugawiwa.

Je, adhabu hujumlishwa?

Mtu akijibu 2 kwa 3 ya aina hiyo hiyo, je, anayefuata huokota tatu au tano? Desturi hutofautiana, na Kenya si pekee katika hili. Mchezo wa Uno, uliobuniwa Marekani mwaka wa 1971 na Merle Robbins, una mabishano kama hayo. Mwaka wa 2019 wenye mchezo huo walitangaza kwamba aliyetupiwa adhabu ya karata nne sharti aokote. Haruhusiwi kuiongezea nyingine na kumsukumia jirani. Mashabiki wengi walipinga, wakashikilia desturi za nyumbani kwao.

Katika Magic: The Gathering, mchezo wa Richard Garfield uliotoka mwaka wa 1993, mlengwa hutajwa wazi pale karata inapochezwa. Ikiwa hastahili tena kulengwa wakati wa utekelezaji, na hakuna mlengwa mwingine, karata hiyo huwa kazi bure. Kadi haina utaratibu huo wa kutaja jina, ndiyo maana zamu na mwelekeo ni lazima vijulikane na wote.

Hatua za kusuluhisha

Mzozo ukizuka, kwanza mchezo usimame na mtu yeyote asiguse rundo. Pili, itazamwe karata ya juu, na kila mmoja akubali mwelekeo ulivyokuwa ilipotupwa. Tatu, iulizwe kama adhabu imekwisha kulipwa. Adhabu hulipwa mara moja. Aliyeokota akishaokota, karata ile imekufa, na anayefuata hulinganisha tu aina au namba. Nne, ifuatwe kanuni iliyokubaliwa mwanzoni.

Iwapo hapakuwa na makubaliano, wasiohusika na adhabu hiyo ndio waamue, na uamuzi wao udumu hadi mchezo huo uishe. Kanuni mpya ingojee mgao unaofuata. Anayebadilisha sheria akiwa na karata mkononi huonekana mdanganyifu hata akiwa na haki, na soda moja haitoshi kununua tena imani ya wenzake.