Msonge Juu ya Viraba: Kupanga Vipande vya Majengo katika Ramani ya Gemu

Gridi katika programu ya kutengenezea ramani za gemu ni mtandao wa viraba vilivyo sawa, na kipande cha jengo kinachosogezwa juu yake hunaswa na makutano ya mistari yaliyo karibu zaidi. Kwa gridi ya nusu mita, ukuta ulioachiwa kwenye mita 3.37 hurukia 3.5. Minecraft haimpi mjenzi hiari kubwa: bloku ya kawaida ni mchemraba wa mita moja. Unreal Engine, ambamo kizio kimoja ni sentimita moja, humwacha achague hatua ya 10, 50 au 100, au aizime gridi kabisa.

Fundi wa Muleba, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, anayepanga matofali ya saruji ya milimita 450 ana udongo wa kuungia, nao humeza tofauti ndogo kati ya tofali na tofali. Gemu haina udongo huo. Kuta mbili zikiachana kwa sentimita moja, mwanga hupenya. Nyuso mbili zikilaliana mahali pamoja, picha humetameta kila kamera inaposogea. Kwa hiyo vipimo huamuliwa kabla ya kipande cha kwanza kuchorwa. Kwa nyumba za bati za pembe nne zinazoonekana mjini Bukoba, ukuta wa mita 3 kwa 3, nusu yake wa mita 1.5, kipande chenye mlango na chenye dirisha vinatosha kujenga mtaa mzima, mradi vyote vigawanyike kwa nusu mita.

Ugumu huanza kwenye msonge, nyumba ya duara ya Wahaya ambayo nyasi zake hushuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Tuseme nusu kipenyo ni mita 4 na duara limegawanywa vipande 24, kila kimoja nyuzi 15, upana wa chini kama mita 1.05. Katika viungo 24 kati ya vipande hivyo, vinne tu huangukia makutano ya gridi ya nusu mita. Anayejaribu kuvinasa vingine kimoja kimoja hupata nyumba yenye mapengo na mabega.

Dawa ni kuhamisha kitovu cha kipande, yaani ile nukta ambayo programu huipima na kuizungushia kipande. Kwa ukuta mnyoofu, kitovu hukaa kwenye kona ya chini. Kwa kipande cha msonge kiwekwe nje ya kipande chenyewe, katikati ya duara, chini ya kilele. Hapo vipande vyote 24 huwekwa kwenye nukta moja ya gridi, kisha kila kimoja huzungushwa nyuzi 15 zaidi ya kilichotangulia. Kimoja kikiondolewa, mlango umepatikana. Watengenezaji wengi hulaumu gridi kwa kosa ambalo, kwa maoni yangu, ni la kitovu kilichowekwa mahali pabaya.

Miteremko ya nchi ya Wahaya, kama ile ya Kamachumu, inadai uamuzi mwingine. Ardhi yenyewe isinaswe, la sivyo kilima kitakuwa ngazi. Sakafu ndizo zibaki kwenye vimo vya gridi, na pengo la upande wa bondeni lizibwe kwa msingi mrefu unaozama ardhini. Mafundi halisi hufanya hivyohivyo: huinua msingi upande wa chini hadi kozi ya kwanza ikae sawa kwa pimamaji.

Nyumba ikikamilika, gridi izimwe kabla ya kupanda kibanja, yaani shamba linaloizunguka. Migomba na mibuni huchanganyika kukizunguka kiambo, na ikisimama kwa safu za mita mojamoja, mchezaji aliyekulia huko ataona shamba la kigeni. Kila mgomba uzungushwe kwa nyuzi za kubahatisha, ukubwa wake ubadilishwe kidogo, na usogezwe tu pale jani linapopenya ukuta.