Michembe na Dumuzi: Historia ya Akiba Yetu

Baadhi yenu mmeniuliza kuhusu mashine za kukausha chakula kwa kugandisha. Chakula hugandishwa, kisha hewa hunyonywa mashineni na barafu hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Kikifungwa vizuri hudumu miaka mingi. Ila mashine hiyo ni ghali na inataka umeme wa uhakika.

Wazo lenyewe ni la kale. Kwenye milima ya Andes, Amerika ya Kusini, wakulima huacha viazi mviringo nje usiku vigande kwa baridi. Mchana huvikanyaga maji yatoke, jua likamalizia. Huku Gongoni hatuna baridi hiyo, lakini tuna jua la Juni hadi Septemba.

Na tumelitumia muda mrefu. Karne ya 19, wapagazi Wanyamwezi walitoka baada ya mavuno kwenda pwani, wakajitahidi kurudi kuwahi mvua za kilimo. Kati ya Tabora na Ugogo walivuka pori la Mgunda Mkali, ambako vijiji vilikuwa vichache na maji ya shida. Posho ya siku kadhaa ilibidi kubebwa. Chakula kibichi ni kizito na huoza. Kikavu ndicho kinachovusha. Nyumbani nako akiba ilikuwa hiyo hiyo ya vitu vikavu: nafaka, michembe ya viazi vitamu vibichi, na matobolwa yanayochemshwa kabla ya kuanikwa.

Kisha akaja adui mpya. Dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, aligunduliwa Afrika kwa mara ya kwanza hapa mkoani Tabora, miaka ya mwisho ya 1970 kuelekea 1980. Anatoboa mahindi, makopa na hata michembe. Tangu hapo kukausha peke yake hakutoshi. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka michembe kwenye kiroba cha kawaida. Januari nilipofungua nilikuta unga na matundu.

Kwa hiyo, msimu huu:

1. Osha viazi, menya, kata vipande vyembamba vinavyolingana.
2. Anika juu ya kichanja, si chini. Viazi lishe vifunike kwa kitambaa chepesi, maana jua kali hupunguza vitamini A.
3. Kipande kikivunjika kwa mlio, kimekauka. Kikipinda, rudisha juani.
4. Acha vipoe, kisha funga kwenye mfuko wa kinga njaa au ndoo yenye mfuniko unaobana.
5. Vyenye ukungu tupa. Usivioshe ukala, wala usiwape kuku. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu.

Wapagazi walijua posho ikiharibika katikati ya pori hakuna duka. Januari nayo ni pori letu. Andaa kichanja wiki hii, na ukikwama nitafute, nitakuja tuanike pamoja.